Mafuta ya Nazi Mwezi wa Saba

Yustina alikuja na chupa ya mafuta ya nazi mkononi, na Benedikto aliiona ile chupa kabla hajamwona mtu aliyeishika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo ya nini?"

Yustina alikuwa askari mpya wa wanyamapori wa kijiji cha Mitole, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mabega ya kubebea magogo. Alikabidhiwa bunduki ya kijiji mwezi wa tano, siku uongozi ulipomwambia Benedikto kwamba macho yake yamefanya kazi ya kutosha, sasa apumzike. Tangu hapo kila alipokwama alikuja kwa Benedikto kuuliza, na Benedikto alipenda kuulizwa. Mstaafu gani asiyependa kuulizwa?

"Mafuta ya bunduki yameisha," alisema Yustina. "Bwana Nyama wa wilayani kasema ataleta mengine akija, na kuja kwake si unakujua. Nikaona nitie haya kwa sasa. Baba mkubwa ananiambia gobore lao lilipakwa haya haya, na halikuwahi kuwaangusha."

Benedikto aliinuka kwenye kiti, akampokonya chupa, akaipiga chini. Ilikuwa ya plastiki, haikupasuka. Ilidunda, ikalala ubavu kwenye vumbi, na mafuta ndani yake hayakutikisika hata kidogo, maana ulikuwa mwezi wa saba, saa moja asubuhi, na yalikuwa yameganda meupe.

"Mzee! Nimekosa nini?"

"Hujakosa." Alikuwa anahema. "Bado hujakosa. Sikiliza. Mafuta ya bunduki yakikosekana, tafuta ya cherehani. Ni mepesi, hayagandi. Matone mawili, si kijiko. Unapaka kwa kitambaa, halafu unafuta mpaka udhani hujapaka. Yakizidi hayalainishi, yanakamata vumbi. Na mafuta ya kula usiyakaribishe kwenye bunduki. Si ya nazi, si ya ufuta, si ya alizeti. Leo yanateleza, kesho yanakuwa gundi."

"Na ya injini?"

"Mazito. Kwa nje, juu ya mtutu, kuzuia kutu, sawa. Ndani usitie."

Yustina aliokota chupa yake, akaifuta vumbi kwa upindo wa khanga. Alikuwa ameumia, na hakuficha. "Si ungeniambia tu, mzee. Kwani wewe ulijuaje?"

Swali lenyewe halikuwa na ubaya. Lakini Benedikto, ambaye dakika moja nyuma alikuwa na maneno ya kujaza gunia, alikaa kitako, akatazama vidole vya miguu yake. Yustina alingoja kidogo kwa adabu, kisha akaaga.

Tuseme sisi alivyojua, maana yeye kwa miaka tisa hakusema.

Baba yake Benedikto alikuwa na gobore. Kila mwisho wa wiki alilipaka mafuta ya nazi yaliyotoka Kivinje, akalirudisha mahali pake, kwenye vigingi viwili ukutani juu ya mafiga. Lilikaa pale likila moshi na joto, kwenye jiko ambalo halikuzimwa moto, na mafuta yake hayakuganda mwaka mzima. Nyundo ya gobore lile ilikuwa nje, kubwa kama kidole gumba, ukiivuta unaiona na ikishuka unaisikia. Benedikto alikua akiamini kwamba bunduki na nazi ni ndugu.

Kijiji kilipopewa shotigani ya mtutu mmoja kwa ajili ya kulinda mashamba, Benedikto ndiye aliyechaguliwa kuishika. Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori wa wilaya, alikuja kuwafundisha siku mbili. Akawaonyesha kile kimsumari chembamba kilichojificha ndani, ambacho kazi yake ni kuruka mbele na kugonga tako la risasi. Akasema tundu lake ni dogo, uchafu kidogo tu unakifanya kigonge kwa uvivu. Benedikto alisikiliza kwa sikio moja. Mtoto wa mwenye gobore afundishwe bunduki na kijana wa suruali yenye pasi? Na bunduki yenyewe haikukaa jikoni. Ilikaa ndani ya sanduku la chuma, ofisi ya kijiji, juu ya sakafu ya saruji inayouma nyayo asubuhi za kipupwe.

Mwaka ule mafuta ya bunduki yaliisha mwezi wa sita. Nyumbani kwa Benedikto kulikuwa na mafuta ya cherehani, kachupa kadogo ka mkewe, Marietha, fundi nguo. Tatizo ni kwamba miezi miwili kabla Benedikto alikachukua kachupa ka kwanza bila kusema, akakamaliza, wakati Marietha ana nguo za komunio ya kwanza za watoto kumi na wanne mezani. Cherehani ikalia kama mbuzi na kukata uzi. Marietha akampasha mbele ya wateja.

"Baba Josephat, ukitaka mafuta yangu, omba. Una mdomo."

Wanawake wakacheka. Kachupa kapya Marietha alikaweka juu ya cherehani, peupe, kila mtu akaone. Wala hakukafungia. Ilitakiwa neno moja tu, na neno hilo lilimshinda mwanamume aliyewahi kulala peke yake porini akilinda mihogo ya kijiji kizima.

Basi alikwenda jikoni. Ilikuwa saa saba mchana, jua limewaka, mafuta ya nazi kwenye chupa yanang'aa kama maji. Akayapeleka ofisini, akafungua bunduki, akayamimina kwenye tundu la kimsumari mpaka yakafurika. Akabana kifyatulio mara mbili tatu bila risasi. Ta, ta. Ilikuwa laini kuliko siku zote. Akaifungia kwenye sanduku akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda ugomvi ambao mwenzake hajui kama bado unaendelea.

Siku ya tatu nguruwe pori waliingia kwenye mihogo ya Kibwana.

Kibwana na Huseni na Benedikto walikuwa marafiki tangu utoto, wawili wa msikitini na mmoja wa kanisani, na kwenye msako walikuwa na kazi zao. Desturi ya Mitole ni kwamba mwenye shamba ndiye anayeingia kichakani na mbwa, kwa kuwa nguruwe ni wageni wake. Watu wengine wanazunguka na madebe. Mwenye bunduki anakaa mlangoni, yaani kwenye njia moja iliyoachwa wazi. Huseni alisimama karibu na Benedikto, risasi mfukoni. Ni yeye aliyezileta kutoka Lindi mwezi wa nne, kwenye mvua, siku ambayo basi lilikwama na abiria wakavuka maji kwa miguu.

Alfajiri ile watu walikuja wamejifunika khanga kwa baridi. Madebe yalilia, mbwa wakabweka, na dume likatoka, zito, meno nje, likaja moja kwa moja mlangoni. Benedikto alilingoja mpaka lilipofika pale anapopataka. Akabana.

Ta.

Alikunja bunduki, akaitoa ile risasi, akapokea nyingine kwa Huseni, akabana tena. Ta. Dume lilisimama, likamtazama, likageuka na kurudi kichakani kwa njia ile ile. Na kwa njia ile ile Kibwana alikuwa anakuja, bila haraka, panga begani, kwa kuwa alijua aliye mlangoni ni Benedikto.

Jino lilimpata paja la ndani. Walimfunga khanga tatu, wakampakia kwenye pikipiki, mtu mmoja nyuma akimshikilia. Hawakufika Nangurukuru.

Jioni kikao kilikaa. Risasi zilinunuliwa wapi? Zilipita wapi? Huseni alieleza habari ya maji, akaapa kwamba mfuko aliubeba kichwani. Watu walitazamana. Mwenyekiti akamgeukia Benedikto.

"Bunduki ilikuwa safi?"

"Niliisafisha mwenyewe juzi," alisema Benedikto.

Na ilikuwa kweli. Jioni ile hakuwa amemdanganya mtu, hata nafsi yake. Naye alidhani ni risasi.

Kesho yake asubuhi, kabla watu hawajaamka vizuri, alikwenda ofisini akafungua sanduku. Alipoitoa ile sehemu ya ndani, mafuta ya nazi yalikuwa yameganda meupe kuzunguka kimsumari, kama mshumaa. Alizitazama zile risasi mbili zilizokataa. Kwenye tako la kila moja palikuwa na alama hafifu, kama kuku amedonoa mara moja akaghairi. Benedikto aliosha tundu kwa mafuta ya taa, akalikausha kwa kitambaa, akalipuliza. Akatembea mpaka nyuma ya mikorosho, akatia mojawapo ya zile risasi mbili, akaielekeza bunduki mlimani, akabana.

Ililia mpaka kunguru wakahama.

Waliomuuliza aliwaambia kulikuwa na nyani. Marietha alipouliza mafuta yake ya nazi yamekwenda wapi, alimwambia alijipaka miguu, ilikuwa imepasuka kwa baridi.

Alikusudia kusema. Hilo tumpe haki yake. Alikusudia kusema baada ya hitima, msiba usije ukavurugika. Hitima ikapita. Akasema baada ya arobaini. Arobaini ikapita. Akasema korosho zikishavunwa na watu wametulia. Kumbe siku hizo zote jina jipya lilikuwa limeshamea kijijini, Huseni Risasi Mbichi, na kadiri lilivyomea ndivyo ulimi wa Benedikto ulivyozidi kuwa mzito. Watu walimjibu Huseni salamu kwa ncha ya mdomo. Kabla mwaka haujaisha alihamia Kiswere, kwao mkewe, pwani. Siku anaondoka Benedikto alimsaidia kufunga kitanda kwenye gari. Alikifunga vizuri sana, kamba mara nne.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Benedikto ilishafika miaka tisa, na ilikuwa bado inaendelea.

Kila mwaka, mwezi huu wa saba, kapu la ng'onda lilifika Mitole kutoka Kiswere, samaki waliokaushwa kwa jua na kupangwa vizuri, likishushwa kwa Mwanaima, mjane wa Kibwana. Mwanaima alilipokea, akasema, "Mungu amsamehe Huseni," na akagawa. Fungu moja lilikuwa la Benedikto, kwa kuwa alikuwa rafiki wa marehemu. Marietha aliwapika na tui. Benedikto aliwala mwaka wa kwanza, na wa pili, na kila mwaka uliofuata. Alikuwa akijisemea kwamba Huseni ni mtu mkarimu tu.

Baada ya Yustina kuondoka, Benedikto alivaa shati lake la Jumapili ingawa ilikuwa Jumanne.

"Naenda Kiswere," alimwambia mkewe.

Marietha alisimamisha cherehani kwa kiganja. "Miguu yako haijawahi kunukia nazi, Baba Josephat," alisema. "Si siku ile wala siku nyingine."

Benedikto alishika mwimo wa mlango. "Ulijua?"

"Nilijua chupa imepungua na bunduki imekataa. Nilingoja useme. Halafu nikaona aibu ya kungoja, na aibu ikawa yetu wote wawili." Akazungusha gurudumu tena. "Nenda. Gari la Nangurukuru halikungoji."

Alimkuta Huseni nje ya nyumba yake, Kiswere, amechuchumaa kwenye mkeka, anageuza samaki mmoja mmoja juani. Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa nyeupe kabla ya wakati wake.

"Hodi hapa."

"Karibu." Huseni aliinua uso, akaukunja kwa jua, akamtambua. Aliinuka haraka mno kwa mtu wa umri wake. "Benedikto! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Keti, Huseni. Nina neno."

"Kunywa maji kwanza."

"Nikinywa sitasema."

Akasema akiwa amesimama, kofia mkononi. Alianzia kwenye kachupa ka Marietha, maana ndiko kulikoanzia, akafika kwenye tundu la kimsumari, na sanduku la chuma, na mafuta meupe, na kuku aliyedonoa akaghairi. Hakupunguza. Aliposema habari ya risasi aliyoifyatua mlimani, Huseni aliinua mkono kumsimamisha.

"Ililia?"

"Ililia."

"Ile ile? Niliyokupa mimi?"

"Ile ile."

Huseni alikaa chini kwenye mkeka, katikati ya samaki, akawaponda wawili bila kuona. "Kwa hiyo zilikuwa kavu."

"Kavu."

"Unajua nini, Benedikto." Alizungumza polepole, kana kwamba anahesabu hatua. "Maji yalinifika kifuani pale. Mfuko niliubeba kichwani, kama nilivyowaambia. Lakini niliteleza. Mara moja. Nilishika kichwa, nikajiinua, nikasema, haukugusa maji. Mlipoanza kuuliza nikasema haukugusa. Mlipozidi kuuliza, nikaanza kujiuliza na mimi. Ukiulizwa na watu mia, unakuwa wa mia na moja. Miaka tisa nateleza pale pale. Nikilala, nateleza. Nikiswali, nateleza. Nimemuua Kibwana kila siku ya Mungu."

Benedikto alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa hata kwa kofi. Siku zote alidhani amemwibia Huseni jina tu, na jina, alijiambia, mtu anaweza kulipata upya mahali pengine. Hakuwahi kufikiri kwamba Huseni naye aliamini. Alijuta kwa namna ambayo hakuwa ameijua bado, majuto yenye uzito, ya kumfanya mtu atafute pa kukaa.

"Uliijaribu lini?" Huseni aliuliza.

"Kesho yake."

"Kesho yake." Huseni alitikisa kichwa. "Kibwana hata hajafanyiwa hitima. Ungeniita pembeni tu. Ungeninong'oneza. Watu ningewavumilia, Benedikto, wallahi ningewavumilia, laiti mimi mwenyewe ningejua."

Kuku alikuja kuwadonoa samaki, na wote wawili wakamfukuza kwa pamoja, "Shii!", kama walivyokuwa wakifukuza kuku zamani. Huseni alijifuta uso kwa kilemba. Kisha aliingia ndani, akatoka na kapu limeshonwa mdomo kwa ukili, tayari.

"Hili la mwaka huu lilikuwa linangoja gari," alisema. "Utalipeleka wewe."

"Huseni, nisa..."

"Hapana. Usinianzie mimi. Mimi nitakuja kwenye zamu yangu." Akamwekea kapu mikononi. "Alikuwa mume wa Mwanaima. Anzia huko. Na ukimwambia, umwambie yote, na lile la kachupa, usije ukaanzia kwenye baridi kana kwamba baridi ndiyo iliyomimina mafuta."

Benedikto alirudi Mitole siku ya pili, kapu mapajani njia nzima. Harufu ya ng'onda ilimwingia kwenye shati la Jumapili. Alipofika hakupita kwake. Mwanaima alikuwa uani, anapepeta ufuta, na alipoliona kapu alisimama na kutabasamu.

"Shemeji! Safari hii umelibeba wewe? Karibu, karibu. Huseni hajambo?"

"Hajambo, shemeji. Amekonda."

"Maskini." Alilipokea, akachuchumaa, akakata ukili kwa kisu cha jikoni. Samaki walikuwa wamepangwa kichwa mkia, kichwa mkia, kwa mikono ya mtu aliyeogopa kukosea. Mwanaima aliwatazama, akasema maneno yake ya kila mwaka, kwa sauti yake ile ile. "Mungu amsamehe Huseni."

Kisha akavuta ungo mdogo, akaanza kutenga. Watano kwa jirani. Watano kwa mamake. Akachagua wale wanono, akawaweka peke yao upande wa kulia, kama afanyavyo siku zote.

"Na hawa wako, shemeji. Marietha ana nazi, au nimpe?"

Benedikto alipiga magoti kwenye ufuta. Aliwachukua wale samaki wanono, mmoja mmoja, akawarudisha kapuni, na Mwanaima akamtazama bila kuelewa.

"Usinitengee, shemeji," alisema. "Nimewala miaka yote hii. Weka kisu chini, unisikilize. Nyumbani kwangu kulikuwa na kachupa ka mafuta ya cherehani."